Walivyomtafuta Alfred Kwenye Barafu

Kijitabu kilikuwa juu ya meza, kimefunguliwa ukurasa wa nne, na Kerubo alikuwa akijitazama akicheka.

Pichani alivaa koti la rangi ya machungwa lisilo lake, kofia imemteleza hadi kwenye nyusi, meno yote nje. Nyuma yake ulisimama ukuta wa barafu wa buluu, mrefu kuliko ghorofa yoyote ya Burnsville alikoishi. Kando yake alikuwa mwanamume mweusi mwenye redio ya mkononi begani, naye anacheka. Chini ya picha waliandika kwa Kiingereza kwamba pwani ya Alaska humrudishia mtu furaha yake.

"Ni wewe, si wewe?" Rahab aliuliza.

"Ni mimi."

"Nilitaka uniambie si wewe."

Rahab alikuwa wifi yake, dada mkubwa wa marehemu mumewe, Alfred. Asubuhi hiyo ya Jumapili alikuwa ameendesha gari kutoka Inver Grove Heights bila kupiga simu, akapanda ngazi za ghorofa tatu, na mpaka sasa hakuwa amevua koti. Alfred alikaa kwake miaka miwili ya kwanza alipofika Amerika, na baadhi ya barua zake ziliendelea kwenda huko, kana kwamba zenyewe hazijapata habari. Kijitabu hiki kilikuwa mojawapo. Kampuni ya utalii ilikuwa inamkaribisha Alfred kwa msimu mwingine wa kutazama nyangumi na milima ya barafu.

"Jana Sabato tumekaa benchi moja," Rahab alisema. "Tumeimba kitabu kimoja cha nyimbo. Nikarudi nyumbani, nikafungua barua ya ndugu yangu, nikakuona umefungua mdomo hivi. Picha imeandikwa Julai. Alfred tulimzika Aprili, Kerubo."

"Najua tulimzika lini."

"Mimi Julai nilikuwa nalia mpaka mume wangu akahamia sebuleni. Na wewe ukaniambia unachukua shifti mfululizo. Nikasema maskini, mtoto wa watu anajiua na kazi. Nikakupikia matoke, nikakuletea mpaka mlangoni, nikaiacha hapo nisikusumbue. Ile matoke aliila nani?"

"Niliikuta niliporudi. Ilikuwa imeoza."

"Matoke yangu!"

Kerubo aliisubiri aibu ije. Haikuja. Tangu Machi ya mwaka uliopita mambo yalimfikia kama vishindo vya jirani wa ghorofa ya juu. Alijua kuna kitu kinasogezwa, lakini hakujua ni nini, wala hakuwa na haja ya kupanda kuuliza. Alikuwa akiwaogesha wazee katika nyumba ya kulelea, akiwapa dawa kwa saa zake, akirudi, akila akiwa amesimama. Watu walimsifu kwamba ana nguvu.

"Ilikuwa zawadi yake," alisema. "Miaka kumi ya ndoa. Aliipanga safari Januari, kabla ya... kabla. Alisema tangu tuje Amerika tumeona hospitali na maegesho ya magari, twende tukaone nchi. Halafu Juni ikaja barua pepe. Iliandikwa, Alfred na Kerubo, tunawasubiri."

"Ungewaambia amekufa."

"Nilikuwa sijaona majina yetu yamekaa pamoja kwa miezi mitatu, dada."

Rahab alikivuta kijitabu karibu. Kisha akagonga picha kwa ukucha, pale pale kwenye uso wa yule mwanamume. "Na huyu? Huyu naye alikuwa kwenye barua pepe?"

Kengele ya mlango ikalia.

Kerubo alitazama saa ya jiko. Saa nne na nusu. Ilikuwa Jumapili, na Jumapili saa nne na nusu Wanjala, yule mwanamume wa pichani, alikuja, kama alivyokuja kila Jumapili tangu Novemba. Kipupwe chote alikaa kwa binamu yake Susan, Eden Prairie, akiendesha gari la kupeleka wagonjwa kliniki, na siku ya mapumziko alimpitia Kerubo wakaenda kando ya mto Mississippi, mahali ambapo maji hayagandi, kutazama tai wa kichwa cheupe wakivua samaki. Walikaa ndani ya gari, chai ya chupa katikati yao. Alimwonyesha ndege yupi ni mchanga na yupi ni mzee. Hakuwahi kumshika hata mkono, ila mara moja, kumsaidia kuvuka barafu, na hapo wote wawili walikuwa wamevaa glavu.

Lakini leo hakuja kwa ajili ya tai. Jumanne angeondoka kwenda Alaska kuanza msimu wa watalii. Brandon, nahodha aliyekuwa mkuu wake, alimpa kazi ya mwaka mzima huko huko kaskazini na alitaka jibu leo kabla ya saa sita mchana. Wiki mbili zilizopita Wanjala alizima injini, akamwambia Kerubo bila kumtazama, "Nikikubali, huku sitarudi tena. Nikikataa, nitarudi Oktoba, na nitataka kurudi kwako. Sema wewe." Kerubo alisema atafikiri. Kila alipojaribu kufikiri, alijikuta anakunja nguo.

Rahab ndiye aliyefungua mlango.

"Ni yeye!" alisema, kama mtu aliyemkamata mwizi. "Ni huyu wa kwenye picha!"

Wanjala alisimama na kofia mkononi. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na kidogo, mrefu, mwenye mikunjo pembeni mwa macho kama ya mtu aliyefinya macho juani kwa miaka mingi. Na kweli, kabla ya Alaska alikuwa ametembeza watalii Maasai Mara miaka tisa. Macho yake yalimpita Rahab, yakamtafuta Kerubo, yakatua hapo kwa muda mfupi kupita kiasi.

"Habari ya asubuhi, dada," alimwambia Rahab.

"Mimi si dada yako."

"Samahani, mama."

"Mama! Mimi ni rika lako, bwana." Rahab aliangalia chini. Wanjala alikuwa anavua viatu, na soksi moja ilikuwa na tundu kwenye kidole gumba. "Ingia basi. Kaa. Usije ukatangaza kwamba Wakisii walikunyima kiti. Wewe ni wa wapi?"

"Bungoma."

"Mluhya." Rahab alimgeukia Kerubo. "Mluhya!" Akamrudia. "Umepotea nyumba. Hapa leo hatujachinja huyo kuku mnayempenda."

"Nimeshakunywa chai na mkate, dada. Sina neno na kuku."

Kerubo alisikia kitu karibu na midomo yake kikitaka kusogea. Kikaacha.

"Basi niambie," Rahab alisema, akivuta kiti mbele yake na kumwekea kijitabu magotini, "ulimchekesha nini mjane wa ndugu yangu, miezi mitatu baada ya kaburi?"

Wanjala aliitazama picha kwa muda mrefu. Alimtazama Kerubo, na Kerubo akajua anamwomba ruhusa. Tangu Julai Wanjala hakuwa amemwambia mtu. Kerubo naye alikuwa hajasema.

"Mwambie," Kerubo alisema. "Mwambie yote. Anza na orodha."

Wanjala alikohoa. "Asubuhi tukipandisha watu kwenye boti, mimi ndiye nasoma majina. Siku ile walikuwa ishirini na wawili. Nikafika kwenye jina la Alfred Nyamweya. Dada, huko juu mimi hupitisha miezi mitano sijaongea Kiswahili na mtu. Nikaona Nyamweya, jina la kwetu, moyo ukaruka. Nikasahau Kiingereza. Nikauliza kwa sauti, 'Alfred yuko?'"

"Na mimi nikasema yuko," Kerubo alisema.

Rahab alimgeukia polepole.

"Sikupanga. Mdomo ulijibu wenyewe. Aliuliza kwa Kiswahili, nikajibu kama ningejibu nyumbani. Yuko."

"Nilidhani ameenda msalani," Wanjala alisema. "Ningekuwa mwangalifu ningengoja nimwone kwa macho. Ndiyo sheria. Lakini Mkenya mwenzangu ameniambia mtu wake yuko, nitaanza kubishana naye mbele ya Wazungu? Nikatia alama. Tukaondoka na watu ishirini na wawili kwenye karatasi."

Alieleza kidogo habari za njiani, kwa sauti yake ya kazini, labda kwa sababu ilikuwa rahisi zaidi. Walipita visiwa vyenye misonobari mpaka ukingoni mwa maji. Waliona nyangumi wawili, mama na mtoto. Waliona simba bahari wamelala juu ya miamba wakigombana kama wapangaji wa ploti moja. Kerubo alikuwa amesimama nyuma ya boti peke yake, na kila Wanjala alipopita na kumuuliza, "Mzee hajambo?", alimjibu, "Hajambo." Adhuhuri wakafika kwenye ukuta wa barafu. Waliteremshwa kwa mashua ndogo hadi ufukwe wa changarawe, watembee saa moja.

"Wakati wa kurudi nikahesabu. Ishirini na mmoja. Nikarudia mara tatu. Nikamwendea huyu, nikamuuliza, mumeo yuko wapi?"

"Nikamwambia sijui," Kerubo alisema. "Na ilikuwa kweli. Sijui yuko wapi."

Rahab aliketi mkono mdomoni.

"Kulikuwa na nyayo za dubu kwenye mchanga," Wanjala aliendelea. "Mpya. Nikasema ndiyo basi, nimepoteza mtu, tena wa kwetu. Nikaenda kumtafuta. Kuna mto mdogo wa maji ya barafu pale, nikauvuka, maji hapa." Aligusa paja. "Nilikuwa naita. Alfred! Nasikiliza. Alfred!"

"Kwa muda gani?"

"Dakika arobaini."

"Na wewe?" Rahab alimuuliza Kerubo. "Wewe ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikaa juu ya jiwe, nasikiliza." Sauti ya Kerubo ilikuwa bapa, kama anasoma vipimo vya mgonjwa. "Watu ishirini wananyeshewa. Mama mmoja mzee alinishika mkono, anasali. Nilijua ninalofanya ni vibaya. Lakini kila akiita, sauti inagonga barafu na kurudi. Tangu mazishi watu walikuwa wameacha kumtaja. Walisema marehemu. Walisema mwenda zake. Wewe mwenyewe husema ndugu yangu. Huyu hapa alikuwa anamwita jina lake kwa nguvu zake zote, kama mtu anayeweza kuitika. Sikutaka aache."

Nje, kwenye maegesho, mtu alikuwa akisukuma mkokoteni wa duka juu ya mabaki ya theluji.

"Uliachaje?" Rahab alimuuliza Wanjala.

"Brandon alitaka kuita helikopta ya uokoaji. Nikarudi kwake mbio kuuliza mtu amevaa nguo gani, niwape maelezo. Nikamuuliza, mumeo amevaa nini?"

Kerubo akamalizia.

"Nikamwambia, suti ya kijivu. Na tai ya buluu."

Rahab alitoa sauti ndogo. Suti ile aliinunua yeye. Alizunguka maduka matatu akitafuta ya kijivu, kwa sababu Alfred alisema nyeusi inamfanya aonekane kama mhudumu wa hoteli. Aliipeleka mwenyewe kwa watu wa mazishi, ikiwa kwenye mfuko wa plastiki.

"Hapo nikaelewa," Wanjala alisema. "Hakuna mtu huja kwenye barafu na suti."

"Ukamfanya nini?"

"Nilimwambia pole. Kisha nikaenda kwa Brandon, nikasema nimekosea mimi kuhesabu, hatujapoteza mtu. Alinifokea mbele ya watu wote. Wiki mbili sikupanda boti, nilikuwa naosha majaketi ya kuelea."

"Hukumtaja?"

"Ningemtaja niseme nini, dada?"

Rahab aliinua kijitabu. "Na hiki kicheko?"

"Kicheko ni cha kunidharau mimi." Kwa mara ya kwanza Wanjala alitabasamu. "Kabla ya kuondoka ilinibidi nihesabu tena, kwa kipaza sauti, Brandon amenisimamia. Nilikuwa nimeloa, meno yanagongana, akili haipo. Nikahesabu kwa Kiswahili. Moja, mbili, tatu. Wazungu wakadhani ni sehemu ya ziara. Wakaanza kuitikia kama darasa la kwanza. Yule mama mzee akapiga kelele kuliko wote. Nne! Tano!"

"Nilicheka hapo," Kerubo alisema. "Mtu akapiga picha. Halafu ikaisha. Sijacheka tena, dada. Kama ulikuja kujua hilo."

Rahab alivua koti hatimaye. Alilikunja mara mbili, akaliweka magotini juu ya mkoba wake, akaanza kuzungumza na lile koti.

"Mimi sikwenda nyumbani Nyamira. Mnajua. Makaratasi yangu yalikuwa ofisi ya uhamiaji, wakili akasema ukitoka hurudi. Nilimzika ndugu yangu kwa simu, jikoni. Wakati wa kuteremsha sanduku mtandao ukakatika. Ukarudi, nikaona watu wamekaa wanakula." Alipangusa pua kwa kiganja. "Na wewe mtu wa Bungoma ulimtafuta kwa miguu."

"Ndiyo, dada."

"Ndani ya maji."

"Ndiyo."

Alitikisa kichwa, mara nyingi. Kisha akasimama ghafla, akawa Rahab tena. "Hiyo haimaanishi nimekupa mke wa Alfred. Tusielewane vibaya."

"Sijaomba kwako, dada. Nimekuja kusikia jibu."

"Jibu la nini?"

"La kurudi au kutorudi."

Rahab aliwatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine. Akasema anakwenda kuosha vikombe. Vikombe vilikuwa safi. Walisikia maji yakifunguliwa mpaka mwisho.

Kerubo alikaa kwenye kiti alichoacha wifi yake. Magoti yao yalikaribiana. Aliitazama mikono ya Wanjala, kovu la kamba kwenye kiganja cha kushoto, na akangoja tena, kama alivyongoja aibu. Alitaka kitu kiseme ndani yake, hata kwa kunong'ona.

"Ni saa tano kasoro dakika tano," Wanjala alisema. "Nisikuharakishe. Lakini Brandon anangoja."

"Nitakuambia ukweli. Mimi sisikii kitu. Si wewe tu. Chakula sikisikii, wimbo siusikii. Nikikuambia nakupenda, nitakuwa nakudanganya. Nikikuambia sikupendi, hapo pia nitakuwa nakudanganya. Utakuwa umeacha kazi nzuri kwa ajili ya mtu aliyekauka."

"Sijasema nataka mtu aliyeloa."

"Usinichekeshe, Wanjala."

"Sijaweza kipupwe chote, nitaweza leo?" Aliinama kidogo, akatafuta macho yake. "Kerubo. Ulishanijibu yuko wakati hayuko. Leo usinijibu kwa huruma. Niambie kitu kimoja tu unachokijua. Kimoja, hata kama ni kidogo."

Kerubo alifikiri. Safari hii hakukunja nguo.

"Jumapili," alisema, "ukichelewa, huwa nasimama dirishani."

"Kila mara?"

"Wiki ile ya dhoruba ulichelewa dakika ishirini. Nilisimama na koti mwilini mpaka jasho likanitoka. Sikuwa nawaza kitu. Nilikuwa nimesimama tu. Hilo ndilo ninalolijua."

Wanjala hakusogea. Macho yake yalikuwa yamejaa, naye hakuyaficha, wala hakuyafuta. Kerubo aliyatazama kama mtu anayetazama moto kupitia kioo. Aliona mwanga. Joto lilikuwa upande wa pili.

"Linanitosha," alisema Wanjala. "Lakini Brandon siwezi kumwandikia habari za dirisha. Nimwandikie nini?"

Maji jikoni yalifungwa. Rahab alikuwa anasikiliza, na hakujisumbua kuficha.

"Mwandikie hapana," Kerubo alisema. "Rudi Oktoba. Siahidi kitu. Unaweza kunikuta hivi hivi nilivyo."

"Nitakukuta."

"Na Jumapili nitafanya nini?"

"Utanipigia, nikueleze nimeona wanyama gani. Hata wasipoonekana nitakudanganya."

Aliandika ujumbe pale pale, kwa vidole viwili vya polepole, akamwonyesha kabla ya kuutuma. Kisha akavaa viatu. Mlangoni alinyoosha mkono kama wa kuagana kanisani, na Kerubo akauchukua. Leo hapakuwa na glavu. Ulikuwa mkono mkavu, wenye joto la kawaida. Aliushika mpaka yeye ndiye aliyeuachia.

Alipogeuka, Rahab alikuwa amesimama katikati ya sebule na taulo la vyombo begani.

"Mimi sijakubali," Rahab alisema.

"Najua, dada."

"Sijakataa pia. Sijui. Nipe muda wa kukasirika." Akashusha pumzi. "Lakini Mama hatasikia habari hii kutoka kwa watu wa kanisa. Wala kutoka kwangu. Utamwambia wewe. Sasa hivi, nikiwa nimesimama hapa."

Nyamira ilikuwa inakaribia saa moja ya jioni. Kerubo alichukua simu. Hakutetemeka, na alitamani kidogo kwamba angetetemeka. Ililia mara tano, ikapokelewa katikati ya kelele za sufuria.

"Kerubo? Mbona saa ya chakula? Kuna aliyeugua?"

"Hapana, Mama. Sote wazima. Dada Rahab yuko hapa."

"Basi ni nini?"

"Mama," alisema, na maneno yakatoka moja moja, kila moja na uzito wake. "Kuna mtu."

Upande wa pili mbwa alibweka, mtu akamnyamazisha. Kerubo alihesabu pumzi za mama mkwe wake, tatu, nne. Rahab alikuwa amelishika taulo kwa mikono miwili.

"Mwaka wa kumwomboleza uliisha wiki jana," Mama alisema hatimaye.

"Ndiyo, Mama."

"Nilikuwa nahesabu. Nilijua siku moja utapiga simu kama hii. Nilidhani nitakuwa nimejitayarisha." Sufuria ilisikika ikitokota. "Ngoja niepue mboga, isije ikaungua."

Kerubo alingoja. Alisikia mfuniko ukigonga chuma, malapa yakiburutwa sakafuni, kiti kikivutwa, na mwili wa mwanamke mzima ukishuka juu yake taratibu.

"Haya," alisema Mama. "Nimekaa. Anza na jina lake."